AFYA YA FAMILIA: Usitoke kwa Musawo Kabla Hujarudisha Maneno

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaongea juu ya jambo ambalo wengi tunaliona dogo: maswali ambayo nesi anatuuliza tukifika kliniki, na maneno anayotuambia kabla hatujatoka. Tunaongea hasa na watu wazima wenye magonjwa ya kukaa nayo muda mrefu, kama presha na sukari, na wale waliofanyiwa upasuaji. Mgonjwa wa namna hii anaonana na musawo dakika chache tu kwa mwezi. Siku zote zinazobaki yeye mwenyewe na watu wa nyumbani kwake ndio manesi. Sasa, kama hakuelewa alichoambiwa, nani atamtibu?

Kwa nini tunataja Namakwekwe

Mbale si jina geni hapa Kiryandongo. Wenzetu Wakenya waliokimbia fujo za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliingia kwa mpaka wa Malaba, wakakaa kwanza Mulanda, wilaya ya Tororo, kabla ya kuletwa huku mwaka 2008. Majirani zetu Wagisu nao waliletwa kutoka Bududa, baada ya mlima kuporomoka na kufunika kijiji cha Nametsi tarehe 1 Machi 2010. Kwa hao wote, Mbale ndio mji mkubwa wa upande ule. Na wapo vijana na hata wazazi wanaoacha shamba hapa kambini wakaenda kutafuta riziki Jinja na Mbale, wakapanga chumba kwenye mitaa ya watu wa hali ya chini kama Namakwekwe.

Namakwekwe iko upande wa kaskazini wa Mbale. Kuna kituo cha afya cha serikali cha daraja la III. Kituo cha daraja hilo huwa na manesi, wakunga, afisa wa tiba na maabara, lakini upasuaji mkubwa hakifanyi. Mgonjwa akizidi anapelekwa mbele: Namatala kuna kituo cha daraja la IV, na juu yake kuna Hospitali ya Rufaa ya Mbale. Tangu mwaka 2001 vituo vya serikali Uganda vilifuta malipo ya matibabu kwa watu wote, na mkimbizi anapokelewa humo kama mwananchi. Dawa zikiisha ndipo unaandikiwa ukanunue nje.

Basi mlango uko wazi. Shida inaanza ukishaingia. Mkimbizi anayefika mtaa kama ule anakutana na Lugisu, Luganda na Kiingereza kabla hajasikia Kiswahili. Hapa kambini ni hivyo hivyo, maana manesi wetu wametoka pande zote za Uganda. Kwa hiyo tunayosema juu ya Namakwekwe yanamhusu pia anayepanga foleni Panyadoli kesho asubuhi.

Nesi anatafuta nini?

Watu wengine wanalalamika: "Nimekuja kutafuta dawa, yeye ananiuliza maswali kama polisi!" Jamani, maswali hayo ni sehemu ya tiba. Nesi anafanya kazi nne, na kila moja ina sababu.

1. Anauliza. Umeanza kuumwa lini, wapi, inauma namna gani, nini kinaongeza na nini kinapunguza.

2. Anatazama. Unavyotembea, unavyopumua, rangi ya macho na ulimi, miguu kama imevimba, kidonda kama kina usaha. Ndiyo maana anaweza kukuambia uvue viatu hata kama umesema unaumwa kichwa.

3. Anagusa na kusikiliza. Ngozi ina joto? Tumbo ni gumu? Kifua kinatoa sauti gani?

4. Anapima. Mtu mzima aliyepumzika, moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, na hupumua mara 12 hadi 20. Joto likifika 38 ni homa. Presha ya 140 juu au 90 chini, ikirudi hivyo siku tofauti, huhesabiwa kuwa ni presha ya kupanda. Sukari ya asubuhi kabla hujala ikiwa 7 au zaidi, ikipimwa tena ikawa hivyo, huo ni ugonjwa wa sukari.

Namba hizo ni zako. Ziulize, na uhakikishe zimeandikwa kwenye kile kitabu chako cha matibabu. Hapa Uganda wengi tunatibiwa kwa daftari la kawaida la shule. Daftari hilo usilifanye la kuwashia moto, wala mtoto asichane karatasi zake! Ukihama kutoka hapa kwenda Mbale, au ukitoka Mbale kurudi hapa, daftari hilo ndilo litakaloongea kwa niaba yako. Musawo mpya hakujui. Akiona presha yako ya miezi sita iliyopita, anajua kama dawa inafanya kazi au inabidi kubadilishwa.

Mambo ambayo tunaficha

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kuna mambo manne ambayo watu wetu wanaficha, na kila moja linaweza kumfanya nesi atoe ushauri mbaya bila kujua.

*La kwanza ni miti shamba.* Wengi tunakunywa mululuza, ambao Wakongo wengine wanauita mubirizi. Hatusemi kwa sababu tunaogopa kugombezwa. Lakini miti mingine inashusha sukari au presha. Ukichanganya na vidonge bila kusema, unaweza kushuka kupita kiasi ukaanguka. Mwambie tu: "Sista, mimi nakunywa pia mti huu, kikombe kimoja jioni."

*La pili ni dawa tulizonunua dukani* au tulizopewa na jirani. Hata kidonge cha maumivu ni dawa. Mwenye presha au figo dhaifu akimeza diclofenac kila siku kwa ajili ya mgongo, presha inaweza kupanda na figo zikaumia.

*La tatu ni kuacha dawa.* Presha haiumi. Mtu anameza vidonge vya mwezi mmoja, anajisikia vizuri, anaacha. Akirudi anasema "nameza kila siku" kwa aibu. Musawo akiona presha bado iko juu, anafikiri dawa ni dhaifu, anaongeza ya pili. Sema ukweli: "Niliacha wiki mbili, sikuwa na nauli." Hapo atakupangia kulingana na hali yako.

*La nne ndilo zito zaidi: njaa.* Tangu Julai 2023 mgao wa chakula Uganda hutolewa kwa makundi, na Mei 2025 watu karibu milioni 1 waliondolewa kwenye mgao. Walioko mjini wengi hawapati kabisa, wanakula walichovuna kwa kibarua cha siku ile. Sasa fikiria mgonjwa wa sukari anayejidunga insulini. Dawa ile inashusha sukari, ukiwa umekula au hujala. Nesi anasema "dunga asubuhi kisha unywe chai." Nyumbani chai haipo. Mgonjwa anatii nusu ya kwanza, nusu ya pili inamshinda, na saa chache baadaye anatetemeka, anatoka jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka. Majirani wanasema karogwa au kalewa. Kumbe sukari imeshuka chini ya 4. Huyo, kama bado anaweza kumeza, apewe haraka sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji, kisha akitulia apate chakula. Baada ya dakika 15 akiwa bado hajakaa sawa, apewe tena. Akipoteza fahamu msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni kituoni.

Kwa hiyo nesi akiuliza "unakula mara ngapi kwa siku?" usijibu kwa heshima ya familia. Kama ni mara moja, sema mara moja. Hakuulizi ili akucheke. Wapo pia wanaoogopa kwamba maneno ya kliniki yataharibu kesi yao ya kuhamishiwa nchi nyingine. Ndugu zetu, swali la nesi ni la kupanga dawa, na jibu la uongo linaharibu dawa kwanza.

Lugha inavyoweza kutudhuru

Hebu tuchukue mfano. Mgonjwa wa sukari anaambiwa na nesi wa Uganda: "Punguza posho, ongeza dodo." Kwa nesi, dodo ni ile mboga ya majani ambayo Wakenya wanaita terere, Wakongo lengalenga, na Watanzania mchicha. Ni ushauri mzuri kabisa. Lakini mtu aliyekulia Kiswahili cha pwani akisikia dodo, anafikiria embe dodo, lile kubwa na tamu! Anaweza kwenda sokoni na kununua maembe, akala matatu kwa siku akiamini anafuata amri ya musawo. Hapo nani mkosaji? Kila mmoja alisema na kusikia vizuri kwa lugha yake.

Mfano wa pili ni saa. Nesi anasema kwa Kiingereza kwamba dawa imezwe kwenye namba nane, asubuhi na usiku. Mtoto wa darasa la nne aliyekuja kutafsiri anasema "saa nane". Lakini nane ya Kiingereza asubuhi kwetu ni saa mbili! Mama anameza saa nane mchana na saa nane usiku, tena anaamka gizani kwa ajili hiyo. Kwa bahati nzuri Waganda na sisi tunahesabu saa namna moja. Kwa hiyo uliza: "Ni saa mbili, jua likishachomoza?"

Mfano wa tatu ni ile bahasha ndogo ya dawa. Imeandikwa "1 x 3". Maana yake ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Wapo wanaomeza vitatu kwa mpigo asubuhi ili wamalize kazi. "2 x 1" ni viwili kwa pamoja, mara moja kwa siku. Namba ya kwanza ni vidonge, ya pili ni mara ngapi.

Juu ya watoto kutafsiri, tunaomba tuseme wazi. Mtoto anajua Luganda ya mchezo, hajui maneno ya figo na mkojo. Tena baba hatamwambia mtoto wake kwamba nguvu za kiume zimepungua, ingawa ni jambo ambalo nesi wa sukari au presha anahitaji kulijua. Nenda na mtu mzima mwenzako unayemwamini. Kama huna, omba nesi akuitie mfanyakazi anayejua Kiswahili. Huyo huwa yupo mara nyingi: mwanajeshi mstaafu aliye mlinzi, mfagiaji, au mtu wa timu ya afya ya kijiji.

Kurudisha maneno

Dawa ya shida hii haina bei. Kabla hujainuka kwenye kiti, mwambie nesi: "Sista, naomba nirudishe maneno uliyosema, unisahihishe nikikosea." Kisha useme kwa maneno yako mwenyewe, siyo kama kasuku.

Manesi wanafundishwa njia hii shuleni. Wao ndio wanatakiwa kukuuliza, "Niambie utafanyaje ukifika nyumbani?" Lakini foleni ni ndefu, nesi ni mmoja, na akikuuliza "umeelewa?" wewe unajibu "ndiyo" kwa adabu. Kila mtu anajibu ndiyo! Kwa hiyo usingoje kuulizwa. Inachukua dakika moja. Rudisha mambo matano:

1. Ugonjwa wangu unaitwaje, na namba zangu za leo ni ngapi?
2. Dawa hii ni ya kazi gani, nameza ngapi, saa ngapi, kabla ya kula au baada?
3. Nikisahau, au nikikosa chakula, nafanya nini?
4. Nikiona dalili gani nikimbie hapa bila kungoja tarehe?
5. Narudi lini?

Yule wa dodo angesema, "Basi nitakula embe dodo kila siku," nesi angecheka, angetikisa kichwa, na shida ingeishia palepale.

Tujaribu kwa wagonjwa watatu

*Mwenye presha.* Arudishe hivi: "Dawa ni ya kila siku hata nikijisikia mzima. Chumvi nipunguze, nisiongeze mezani. Zikibaki za siku saba nirudi kabla hazijaisha." Na nyumbani wajue dalili za kiharusi: uso kwenda upande mmoja, mkono au mguu kukosa nguvu ghafla, maneno kuvurugika. Hapo msipoteze muda kwa kukanda. Ni bodaboda na hospitali mara moja, mtu mmoja akiwa amekaa nyuma akimshika.

*Mwenye sukari.* Arudishe habari ya miguu. Sukari ya muda mrefu inaua hisia miguuni, mtu anakanyaga msumari asijue. Kila jioni aoshe miguu kwa maji ya kawaida, akaushe katikati ya vidole, kisha atazame nyayo. Kama haoni, mtoto amtazamie. Asitembee peku hata uani, wala asiote miguu kwenye jiko la makaa. Kidonda kidogo kisichouma ndicho cha kuogopa, maana wengi waliokatwa mguu walianza na kidonda cha namna hiyo. Anayetumia insulini bila friji aulize itunzwe vipi. Njia moja inayotumika ni chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, juu kitambaa kibichi, na vyote vikae kivulini. Dawa isilowe, na isigande kwenye barafu.

*Aliyefanyiwa upasuaji*, labda wa henia au kidole tumbo. Watu wetu wanapenda kumlaza mgonjwa siku nyingi wakimfunika blanketi kwa huruma. Huruma hiyo inaweza kumletea damu kuganda miguuni na maji kujaa kifuani. Nesi akisema "amka, tembea," ana sababu. Avute pumzi ndefu mara kumi kila saa akiwa macho. Akitaka kukohoa, ashike kitenge kilichokunjwa juu ya mshono. Kidonda kisipakwe majivu, mafuta wala unga wa vidonge. Kikiwa chekundu zaidi, cha moto, kinanuka, kinatoa usaha au kimeachia, au akipata homa, arudi siku hiyo hiyo. Na aulize siku maalumu: "Nyuzi zinatolewa tarehe ngapi? Nitabeba jerikeni lini?" Neno "usibebe vitu vizito" halimtoshi mama anayechota maji. Jerikeni ya lita 20 ikijaa ni kilo 20. Aseme hivyo, ili nesi ampe jibu la maisha yake.

Neno kwa manesi na watafsiri wetu

Tunajua mnachoka. Tunajua foleni inatoka mlangoni hadi kwenye mwembe. Tunaomba jambo moja: mgonjwa akirudisha maneno, msione kwamba anawapima ninyi. Anajipima yeye. Akikosea, mwonyesheni kwa mkono na kwa kitu chenyewe: kidonge hiki, jua likiwa hapa, majani haya.

Ya kufanya nyumbani mwezi huu

Tunaomba kila familia, jioni moja baada ya chakula, itoe madaftari yote ya matibabu na bahasha za dawa ziwekwe kwenye mkeka. Kisha muulizane:

- Nani hapa anameza dawa kila siku, na anaweza kutuambia ni ya nini?
- Bahasha hii inasema ngapi kwa ngapi?
- Kuna kitu ambacho hatujamwambia musawo kwa sababu ya aibu?
- Nani mtu mzima atakayemsindikiza bibi au babu siku ya kliniki?

Na ninyi wenye ndugu Namakwekwe, Jinja au mji mwingine wowote, mpigieni simu mumsomee ukurasa huu. Mwishoni msimuulize kama ameelewa. Mwambieni arudishe.